Barafu ya Mzee Kipimo

Fundi cherehani wa chumba cha mbele ndiye aliyeanza kusema kwamba Mzee Kipimo amehifadhi maiti ndani. Mtu anaishi peke yake, alimwambia mama mfuaji huku pini zikiwa midomoni, hata maji baridi hanywi, sasa barafu ya kila asubuhi ni ya nini? "Na mkewe, shoga, nani alimwona akizikwa?"

Mama mfuaji alimwona. Alikuwa mazikoni, na mimba ya huyu aliyembeba mgongoni. Aliona pia kwamba katika wanafunzi wote wa Mzee hakufika hata mmoja. Walichangishana, wakatuma shada moja la maua. Lakini aliendelea kukunja nguo. Mdomo wa fundi ulikuwa kama cherehani yake, ukishika kasi hausimami mpaka kitambaa kiishe.

Alipopeleka nguo alizopiga pasi, alimkuta Mzee jikoni na koti lake jeupe la maabara, anaponda barafu ndani ya taulo kwa kupapasa. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili.

Miaka thelathini na moja alipima jambo moja chuoni: dawa ikiyeyushwa majini huharibika kwa kasi gani, joto likipanda kidogo kidogo. Jedwali lake limo vitabuni hadi nchi asizowahi kukanyaga. Msaidizi wake wa tangu mwanzo sasa ni mkuu wa idara, anakalia kiti kinachozunguka. Kisha mwezi uliopita ikaja barua ya binti mtafiti wa mbali. Mama mfuaji ndiye aliyemsomea, akikwama kwenye maneno marefu. Binti amerudia vipimo, na namba alizopata hazilingani na za Mzee.

Mzee alimpigia simu mkuu wa idara, akamwomba aje wakikague kile kipimajoto cha zamani walichopimia. Akajibiwa, "Mzee wangu, pumzika. Ukifukua msingi, nyumba ni yetu sote."

Ndiyo maana ya barafu. Barafu inayoyeyuka haidanganyi: ukichovya humo kipimajoto kizima, kitasoma sifuri. Ila kioo nacho huzeeka, hunywea, zebaki ikapanda kuliko haki yake. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kazi, msaidizi alikichovya na kusoma, Mzee akaandika. Sasa kila asubuhi alichovya mwenyewe, akainamia lenzi, akaona ukungu.

Siku hiyo alimwomba mama mfuaji amsomee. Alimweleza kwamba kila kistari ni sehemu ya kumi ya digrii, akamwambia asiwe na haraka.

Mama mfuaji akainama, mtoto mgongoni akicheza na ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Uzi wa zebaki ulikuwa umesimama vistari vinne juu ya sifuri. Alitazama tena, haukusogea. Akamtazama Mzee. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesubiri nje ya wodi. Mama mfuaji akakumbuka lile shada moja.

"Sifuri, babu."

Mzee hakutabasamu. Alitafuta kiti kwa mkono, akaketi.

"Umenyamaza kwanza," alisema. "Sifuri haina la kufikiriwa, mwanangu."

Uso ulimchoma mama mfuaji. Akamweka sawa mtoto mgongoni.

"Hata msaidizi wangu alikuwa akinyamaza. Kila mwaka. Mimi nikamsifu kwamba ni mtu makini." Akacheka, kicheko kikavu cha kukwaruza koo. "Nilikuwa mkali siku zile. Nani angethubutu kuniambia?"

Barafu ilianza kulegea bakulini. Mzee alipapasa daftari, akalisukuma kwake pamoja na kalamu.

"Ongeza barafu, ukoroge, usome tena. Safari hii nipe mgongo. Anitazame mtoto, yeye hanionei huruma. Andika ulichokiona, kisha unisaidie kumjibu yule binti."