Mbwa Aliyemsikia Baba Peke Yake

Njuga imelia tena nje, nami nimeacha unga kwenye ungo. Mume wangu aliifunga jana shingoni mwa mbwa mpya, na tangu jana situlii: kila ikilia, natoka kuangalia binti yangu yuko wapi.

Kwetu Kalenga, miaka ya hamsini, baba alikuwa na mbwa wa kuwindia, mwekundu, jina lake Askari. Alimfundisha vizuri, sibishi. Akisema "Kaa!", Askari alikaa mbele ya ugali wake, mate yakimchuruzika, kuku wakimpita puani, mpaka aruhusiwe. Ila kulikuwa na mwiko: mwanamke asimwamrishe mbwa wa mawindo, eti atamlegeza. Mama alimwekea chakula kimya kimya, kama anayemlisha kiziwi.

Baba akaenda vibarua kwenye mashamba ya chai, Mufindi. Asubuhi moja, ukungu bado umelala mahindini, mbuzi wa jirani yetu, mzee Yohana, wakaingia uani. Askari akamrukia mmoja, akamng'ang'ania paja. Mzee Yohana akaja mbio na mkuki.

"Mama Tatu, mzuie mbwa wenu, la sivyo namchoma!"

Neno tulilijua, mimi na mama. Nilipofungua kinywa, mama akaniziba. "Nyamaza we! Baba yako atasema nini?"

Nikamng'ata kiganja, nikapiga kelele: "Kaa!"

Askari alisikia, nawaapia. Alimwachia mbuzi, akainua kichwa, akageukia njia aliyoondokea baba, akimtafuta mwenye neno. Hakukaa. Mkuki ukamkuta vile vile, shingo juu.

Baba aliporudi hakugomba. Alisema tu, "Afadhali hamkumharibu." Miaka mingi nilidhani ni uchungu uliomsemesha hivyo. Sasa ndipo naelewa: afadhali mbwa mfu kuliko mbwa anayemtii mwanamke.

Na jana, hapa Mbeya, mume wangu kanitolea yale yale: "Usimzoeshe sauti ya kike." Mtoto wa miaka mitatu anacheza uani na lijibwa lisilomsikia mtu ila yeye, mimi nikae kimya?

Leo alipotoka tu kwenda kazini, nilishika bakuli. "Kaa." Mbwa akatazama mlangoni. "Kaa." Mlangoni tena. Ugali ukapoa, mkono ukaniuma, hasira zikanipanda, lakini sauti sikuibadilisha.

Akakaa.

Nikamwita binti yangu. "Njoo, mama. Sema na wewe."