Alama kwenye Gurudumu la Ndolo

Ukitaka kumjua Ndolo wa Kambu, usiulize habari za shamba lake wala za kanisa lake. Uliza habari za mizani. Kwa miaka kumi na tisa alipima pamba katika stoo moja kando ya barabara kuu, na mkulima aliyeficha jiwe katikati ya gunia alijisumbua bure. Ndolo aliliinua gunia kidogo, akatulia, akasema, "Toa hiyo kitu." Robo kilo haikumpita. Ndiyo sababu yaliyompata mwaka wa 1979 yaliwachekesha watu wa Kambu, nami huwa nacheka nao, ingawa si kwa sauti.

Wivu ulimwingia mwezi wa tatu. Alikuwa na Pijo 404 kuukuu, akaipeleka Mtito Andei kwa Evanson Njogu, fundi kutoka Murang'a aliyefiwa na mkewe, ili afungiwe matairi mapya ya mbele. Mbula, mke wa Ndolo, alikuwa naye. Ndolo akavuka barabara kwenda kunywa chai. Aliporudi alimkuta Mbula akicheka, tena si kicheko cha adabu. Alikuwa ameshika nguzo ya kibanda, machozi yanamtoka. Njogu, aliyechuchumaa kando ya gurudumu, alikuwa akicheka pia. Walipomwona wakanyamaza. Huenda walikuwa wamemaliza tu, maana kicheko nacho huisha. Lakini mwenye wivu hana neno "huenda".

Hakuuliza. Alilipa, akaendesha mpaka nyumbani, na kicheko kile akakifunga moyoni. Toka siku hiyo Mbula akiimba jikoni, Ndolo alijiuliza anamwimbia nani. Akivaa kitambaa kipya, Ndolo alikumbuka kwamba Mtito si mbali. Wivu ulimla akiwa stoo, ulimla akiwa kitandani, na aliona haya kwa sababu alikuwa mtu mzima mwenye binti, Kavata, aliyekwisha kuolewa.

Basi mwezi wa nane, tairodi za mbele, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu, zilipoanza kugonga, Mbula akasema, "Si uipeleke kwa Njogu?"

"Njogu ana mikono mingapi?" Ndolo akafoka. "Na mimi niko nayo miwili."

Alinunua tairodi mpya, akaazima spana, akapandisha gari kwa jeki nyuma ya nyumba. Kazi haikuwa mbaya. Alifungua, akabadilisha, akapaka grisi kwenye beringi, na karibu afurahi. Kisha, magurudumu yakiwa chini, macho yake yakaangukia ukingo wa ringi. Kulikuwa na vipande vidogo vya madini ya risasi vimebanwa pale, viwili gurudumu la kushoto na kimoja la kulia, kila kimoja kimepigwa chapa ya namba. Hakuvinunua yeye. Hakuvifunga yeye.

Sasa, baba yake Ndolo alikuwa mtu wa nyuki. Kila mzinga aliotundika ulichongwa alama ya ukoo, na mtu akiiona alama ile alipita mbali, hata kama ana njaa. Ndolo alikua akijua hivyo: ukiweka alama kwenye kitu, umesema ni chako. Alivitazama vile vipande, na kicheko cha mwezi wa tatu kikamrudia kizima kizima. Kumbe Njogu ametia alama kwenye mzinga wa mwenzake! Alichukua koleo, akaving'oa vyote vitatu, akavitupa nyuma ya ghala la mahindi. Moyo ukapoa kidogo.

Gari halikupoa. Kwenye njia ya vumbi lilikwenda vizuri, lakini lilipoingia lami na kufika kilomita sabini kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka. Themanini, mpaka vioo vikalia. Ndolo akarudi, akakaza tairodi. Likatetemeka. Akakaza nati za magurudumu, akajaza upepo, akafungua beringi na kuipaka grisi upya. Likatetemeka vilevile. Wiki tatu alilala chali chini ya gari lile akitafuta kosa kila mahali isipokuwa mahali alipopita na koleo. Kuvifikiria vile vipande kulikuwa kumfikiria Njogu, na hilo alikuwa amejikataza.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano mjini Wote, na Mbula alichaguliwa kusimama mbele yao na kusema. Ndolo aliapa kumpeleka mwenyewe. Alhamisi jioni Mbula, akipiga pasi rinda lake, alisema bila kuinua macho, "Baba Kavata, hiyo gari yako mimi sipandi kwa lami. Njogu anabeba akina mama wa Mtito na pikapu yake. Amesema atapitia hapa saa kumi na mbili asubuhi."

Njogu! Na pikapu! Na mke wake ameketi mbele, wakicheka mpaka Wote! Usiku ule Ndolo hakupata usingizi, na kulipokucha alikuwa amechagua. Afadhali gari lake mikononi mwa Njogu kuliko mke wake katika gari la Njogu.

"Twende Mtito," alisema.

"Twende," alisema Mbula, akachukua mkoba wake.

Njogu aliwapokea kwa heshima. "Mzee Ndolo, karibu. Mama, karibu. Gari iko na shida gani?"

"Inatetemeka."

"Wapi? Kwa stiaringi ama kwa kiti?"

"Kila mahali," alisema Ndolo.

"Ni kwa stiaringi," alisema Mbula. "Kiti kimetulia. Inaanza sabini, na kwa vumbi haiko."

Ndolo alimgeukia. Siku zote alidhani amenuna tu pale kando yake, kumbe alikuwa anapima.

Njogu akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ringi. "Ile risasi nilifunga hapa iko wapi?"

"Ilianguka," Ndolo akasema.

"Yote tatu?" Njogu alimtazama, kisha akaangalia chini. "Sawa. Saa zingine inaanguka."

Mbula akafungua mkoba, akatoa leso iliyofungwa fundo, akalifungua. Vipande vilikuwa vitatu, vimefutwa vumbi.

"Niliokota nyuma ya ghala," alimwambia mumewe. "Wiki tatu natembea nazo. Mwezi wa tatu nilimwona fundi akizifunga na nilijua ni za nini. Nilikuwa nangoja uniulize."

Njogu alipandisha gari, akalegeza nati ya beringi, akaliachia gurudumu. Likazunguka polepole lenyewe mpaka upande mzito ukatulia chini. Akabana kipande upande wa juu, akaliachia tena, akaongeza kingine. Mwisho kila alipolisimamisha lilibaki pale pale. Ndolo hakuhitaji kuelezwa. Ilikuwa mizani, kazi yake ya miaka kumi na tisa, na gramu chache zilikuwa zimempita.

Jumamosi Mbula hakupanda pikapu. Alipanda Pijo, lakini alifungua mlango wa nyuma, akaketi huko na kikapu chake kama abiria. Kiti cha mbele kikabaki kitupu.

Walipita Kibwezi, wakapita Makindu. Sabini, themanini, na usukani ulikuwa kimya. Wiki zote zile mtetemo ulimpa Ndolo cha kusikiliza. Sasa alisikia pumzi za mkewe tu. Karibu na Emali alikohoa.

"Mama Kavata. Ile siku ya matairi, ulikuwa unacheka nini?"

"Njogu aliniuliza kama hata ugali unaupima kwa kilo kabla ya kula."

Ndolo aliona kicheko kikimjia, akakitafutia mwenzake kwenye kioo. Uso wa Mbula ulikuwa mkavu.

"Hiyo ingenichekesha hata mimi," alisema.

"Ingekuchekesha mwezi wa tatu," alisema Mbula. "Sasa angalia barabara."