Kipa Aliyewapisha Wakubwa

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, na macho ambayo bado yanaona ninachoandika. Alitutoa Burundi, akatulinda miaka yote ya kambini Tanzania, akatufikisha Louisville, Marekani, mji ambao sikuwahi kuota kwamba ningezeekea humo. Sifa ni zake kabla sijasema neno langu.

Nataka kusimulia jinsi mjukuu wangu alivyotafuta timu ya chuo. Yeye ni binti, na ni kipa. Mama yake tulimzika kambini, na bibi yake, mke wangu, tulimzika hapa katika majira yetu ya pili ya baridi. Tukabaki wawili katika nyumba ya kupanga kule mtaa wa Okolona. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya ghala la vifurushi baada ya mgongo kunishinda. Yeye alikwenda shule asubuhi na mazoezini jioni, na siku nzima nyumba haikuwa na sauti ila ya friji. Akirudi nilimuuliza habari kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza huku akivua viatu vyenye matope, kisha tukala katika sahani moja kama tulivyozoea.

Mwaka 2015, alipokuwa anakaribia kumaliza sekondari, alitaka kitu kimoja tu: chuo ambacho kingemweka golini.

"Babu, kipa ni mmoja uwanjani," aliniambia. "Beki anaweza kusogezwa mbele, akapata dakika zake. Mimi nisiposimama pale, sichezi kabisa."

Chuo kimoja kidogo cha hapa Louisville kilikuwa tayari kumpokea, lakini awe kipa wa tatu. Wawili waliomtangulia walikuwa bado na miaka mbele yao. Angeendelea kulala nyumbani na kwenda masomoni kwa basi. Nilipopiga magoti nilijikuta nakiombea chuo hicho, kisha nanyamaza, kwa sababu sikujua kama naomba kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Kocha mmoja wa Columbus akamwita kwenye majaribio. Aliyetuendesha ni shemasi wa kanisa letu, Mkongo wa Kivu, mwenye gari kubwa na mdomo mkubwa kuliko gari. Alinikuta mlangoni nimevaa suti.

"Bon, muzee," akasema, "tunaenda kuona mupira ao kuposa?"

"Tunaenda kwa watu tusiowajua. Nivae koti la kazini?"

"Basi ungebeba na mbuzi!"

Mjukuu wangu alicheka kwenye kiti cha nyuma mpaka tukaingia barabara kuu.

Kule Columbus upepo ulikuwa mkali. Wazazi wengine walikuja na viti vya kukunja, blanketi na kahawa, wamekaa wawili wawili. Walinitabasamia, tabasamu lile la haraka lisilongoja jibu, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Shemasi alikuwa amekwenda kutafuta choo. Nilisimama peke yangu kwenye waya wa uwanja na suti yangu, nikamtazama mtoto wangu akivaa glovu.

Mikono yake ilikuwa mizuri siku hiyo, nashukuru. Alidaka mipira ya chini na ya mbali. Lakini mabeki aliopewa walikuwa wanafunzi wa chuo, wasichana wa mwaka wa tatu na wa nne. Ukaja mpira wa juu, ukashuka kati yake na beki mmoja mrefu. Mpira ule ulikuwa wa kipa. Hata mimi nisiyejua mpira niliona. Yeye akarudi nyuma nusu hatua, akampisha yule dada, kama unavyompisha mkubwa mlangoni. Yule dada naye alikuwa anangoja kipa wake aseme. Mpira ukadunda katikati yao, mshambuliaji akausukuma wavuni. Kwenye kona ikatokea vilevile.

Baadaye kocha alikuja akazungumza nasi kwa upole, na mjukuu wangu akanitafsiria akiwa ameinamisha macho.

"Anasema mikono yangu ni mizuri. Anasema kipa lazima awaamuru mabeki, awapigie kelele. Amesikiliza muda wote, hajasikia sauti yangu. Atamchukua mwingine."

"Kwa nini hukusema?"

"Babu, wale ni wakubwa. Mmoja anahitimu mwaka huu."

Kwetu mtoto hamwiti mkubwa kwa mbali. Anamsogelea, anasimama, anasema taratibu. Kambini majirani walimsifu kwa hilo.

Ndani ya gari shemasi alivumilia kidogo tu.

"Mutoto, ule mupira haina meno. Unaogopa nini?"

"Siogopi mpira, baba shemasi. Naogopa kuwapigia watu kelele."

"Mama ya batoto yangu ananipigiaka kelele kila siku, na bado ananipenda!"

Mvua ikaanza, tukaisikiliza mpaka nyumbani.

Haukupita muda mrefu, kocha mwingine, mwanamke wa chuo kimoja cha Buffalo, akaona video yake akamwita. Chuo cha Louisville nacho kilitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Mjukuu wangu akawa haongei mezani. Nikimuuliza, anasema amechoka.

Jumapili iliyotangulia safari, mwenye zamu ya kuongoza ibada alikuwa binti wa kanisa letu, mdogo kuliko hata mabeki wale wa Columbus. Nilisimama kutoa ushuhuda, na wanaonijua wanajua ushuhuda wangu haufiki mwisho upesi. Yule binti akasogea akasema mbele ya wote, "Mzee wetu, tunashukuru, muda umekwisha. Tuketi." Kanisa likacheka, nami nikaketi.

Nyumbani nikamuuliza mjukuu wangu, "Umeona nilivyokalishwa?"

"Niliona. Nilitaka kujificha chini ya benchi."

"Alinivunjia heshima?"

Akafikiri. "Hapana. Ilikuwa zamu yake."

"Basi golini ni zamu yako. Ukiwa pale, wakubwa wote wanakungoja wewe."

"Lakini Babu, ile ni kanisani. Kule walimpa zamu."

Nikamwambia apige magoti. Nikamwekea mkono kichwani kama tunavyofanya tunapomtuma mtu kwenye utumishi, nikamkabidhi zamu hiyo mbele za Mungu, kwa sala nzima, bila utani. Aliposimama alikuwa anafuta macho, akaniambia kwa Kiswahili kwamba anakwenda kuosha glovu zake.

Safari ya Buffalo, kwa gari la shemasi, ni ya kutwa. Tulifikia mtaa wa Black Rock, karibu na mto, kwa familia ya Warundi tuliokaa nao kambi moja. Kesho yake uwanjani mpira wa kwanza wa juu ulipokuja, niliona mabega ya mjukuu wangu yakijikunja, nikashika waya. Kisha sauti ikatoka, nyembamba, kwa lugha iliyokuwa karibu na moyo.

"Wangu!"

Beki aliyekuwa mbele yake akashtuka, akainama, mjukuu wangu akauchukua mpira juu ya kichwa chake. Baada ya hapo hakunyamaza tena. "Toka! Rudi nyuma! Kushoto, dada, kushoto!" Wale wasichana hawakujua neno hata moja, lakini walikimbia alikonyoosha mkono. Baadaye akakumbuka Kiingereza, akachanganya vyote viwili.

"Eh, muzee, sikia!" shemasi alikuwa ananitingisha bega. "Anafukuza bale batu kama kuku!"

Kocha alikuwa anacheka peke yake kando ya uwanja. Mazoezi yalipokwisha alimwambia kwamba kipa wao anahitimu, na kwamba wanamtaka awe golini kuanzia Agosti.

Jioni ile, jikoni kwa wenyeji wetu, alikuwa anaosha vyombo nami nafuta. Bila kunitazama akasema, "Babu, ukisema nibaki Louisville, nitabaki. Sitanuna."

"Najua."

"Nani atakupikia?"

"Nilikuwa napika kabla hujazaliwa."

"Ulikuwa unapika vibaya. Bibi alisema."

Tukacheka, kisha tukaacha. Alifunga bomba akangoja. Nilijua kwamba nikitamka neno moja tu atarudi nami, ataniwekea chakula kila jioni na kukaa benchi miaka minne bila kunilaumu, maana ndivyo alivyolelewa. Nilimwomba Mungu anishike ulimi, kisha nikasema, "Utakuja hapa."

Alilaza kichwa begani mwangu, akanishika kwa mikono yake yenye povu, shati likalowa.

Agosti tulimpeleka. Tukirudi, shemasi hakutania. Tulipita Columbus mvua ikinyesha, na mara moja tu aliniuliza kama nasikia baridi. Nikasema hapana.

Msimu huo alicheza. Mechi nyingine alifungwa, nyingine akashinda, lakini alisimama golini. Shemasi alinionyesha kwenye simu yake, mtu mdogo kati ya milingoti miwili, akipunga mikono, na sauti haikusikika kwa sababu ya upepo. Mjukuu wangu hunipigia simu Jumapili baada ya ibada. Mara nyingine anasahau, nami simkumbushi, kwa kuwa ndiyo maisha niliyomwombea. Siku za kati ni ndefu. Napika wali mwingi kupita kiasi na kuula siku mbili. Ziko jioni ambazo naomba mpaka maneno yananiishia, nikabaki nimekaa tu kitini, naye Mungu, naamini, amekaa nami.

Wewe usomaye, Bwana akubariki. Kama umeachwa na mtu uliyempenda, akukalie karibu saa zile nyumba inapokuwa kubwa. Na kama wewe ndiye uliyeondoka, akusimamishe mahali palipo pako, na awatunze uliowaacha nyuma. Amina.