Gari la Meja Lililopiga Risasi Tororo

Sikwenda Tororo kutalii. Dada yangu Zuhura alivuka mpaka asubuhi na watoto wawili, akaingia gerejini kwangu Busia, upande wa Kenya, akasema mumewe Hamisi amefungiwa kambini. Hamisi alikuwa dereva wa meja mmoja. Gari la meja lilikuwa likilipuka kama bunduki, na meja alikwisha amua kwamba ni hujuma. Lisipopona ifikapo jioni, Hamisi angepelekwa Kampala. Waliopelekwa Kampala miaka ile ya utawala wa jeshi hawakurudi kusimulia.

"Nenda, kaka. Wewe ndiye unayejua magari ya turbo."

Turbo ni ile feni inayoisukumia injini hewa. Nilikuwa nimefungua moja tu maishani, na jinsi nilivyoifunga sijivunii. Nikabeba spana.

Kwenye kizuizi cha mpakani, Busia ya Uganda, askari alikagua sanduku langu, akachukua sabuni na kuniachia nyundo. Nadhani sabuni ilikuwa hatari zaidi kwa taifa.

Tororo nilifika saa saba mchana kwa lori la pamba. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, kuukuu, mali ya tajiri aliyefukuzwa nchini. Meja alilirithi bila kufiwa. Lilipowashwa likatetemeka kama mgonjwa wa malaria, kisha paa! Walinzi wawili wakalala kifudifudi.

"Naona?" meja alifoka. "Gari hii nataka ua mimi! Mara tatu nalala chini mbele ya askari yangu!"

Nikaomba Hamisi aletwe akanyage mafuta, kwa kuwa ndiye aliyelizoea. Alikuja jicho moja limevimba. Nilitaka kulia, nikainamia injini.

Mipira ya turbo haikuvuja. Petroli ilikuwa safi, plagi nzima. Nikaanza kuchomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja, injini ikinguruma. Nilipochomoa wa kwanza na wa nne, injini ilidhoofika. Wa pili na wa tatu haikujali kabisa.

"Nani kagusa hizi?" nilimnong'oneza Hamisi.

"Zilikuwa zimepishana, shemeji. Mkubwa akasema hataki fujo ndani ya boneti. Akaamuru zinyooke kama gwaride."

Basi silinda mbili zilikuwa zikipewa moto wakati si wake, na petroli ikilipukia nje. Mhujumu alikuwa amesimama nyuma yangu na kifimbo chake.

Nikazirudisha zipishane. Injini ikatulia.

"Nani naharibu?"

"Wazungu wa kiwandani, afande. Walificha hila ndani ya turbo."

"Mimi najua! Siku mingi mimi najua!" Akachungulia. "Lakini waya hii mbona napanda juu ya ingine?"

"Zinakupigia saluti, afande."

Meja akazirudishia saluti, akaamuru Hamisi anipeleke mpakani kwa gari lilelile.

Hamisi aliendesha mpaka tukakaribia Busia. "Shemeji," alisema akipunguza mwendo, "kesho atazinyoosha tena."

Mbele ya kizuizi aliliacha gari likinguruma, akajitwisha sanduku langu kama kibarua. Askari, yule wa sabuni akiwemo, walikuwa wamesimama wima wakilipigia gari saluti, wakingoja meja ashuke. Tukapita nyuma ya migongo yao. Sijawahi kuogopa vile.

Hamisi alifanya kazi gerejini kwangu miaka yote iliyofuata. Nilichojifunza safari ile ni kuziacha nyaya zipishane. Yeye alijifunza zaidi yangu: Zuhura hulalamika mpaka leo kwamba hata shuka ya kitanda hakubali kuinyoosha.