Nyumba Ndani ya Seng'enge

Juzi nilipita duka la vifaa vya ujenzi pale Meru mjini, nikaona mabunda ya seng'enge mlangoni, mapya, yanang'aa. Nilisimama, ndugu yangu, mpaka mwenye duka akaniuliza nataka mita ngapi. Mimi nilikuwa nimesharudi darasa la nne, nyumbani kwa nyanya, upande wa Muthara.

Kampuni ilikuja kwa ajili ya kilima. Walisema ndani yake kuna chuma. Majirani wa juu yetu waliweka kidole kwenye karatasi za kuuza ardhi, wakahama. Mkubwa wa kampuni alipofika kwetu alimkuta nyanya akipura maharagwe uani.

"Mama, hapa ni kidole tu."

"Nikiweka kidole nitalala wapi?" nyanya akamuuliza, na fimbo ikaendelea kupiga maganda.

Hawakurudi kubembeleza. Walizungusha seng'enge kilima chote, sisi tukabaki ndani: nyanya, mimi, mbuzi wanne na shamba letu la nduma. Lango likawa moja, lenye askari, likifunguliwa alfajiri na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mto ulikuwa nje, shule nje, kanisa nje. Nikitoka nilieleza niendako. Nikirudi nilifungua mkoba askari aone vitabu. Mchana mitambo ilichimba, vikombe vikatetemeka kabatini, vumbi jekundu likatua juu ya uji. Nyanya aliliengua kwa kijiko, akaniambia ninywe.

Siku moja lori la mawe liliziba lango, nikachelewa shule, nikachapwa. Niliporudi nilimwomba nyanya aweke kidole, tuondoke. Hakunigombeza. Alinipaka mafuta miguuni, akasema taratibu, "Hata mimi nimechoka."

Jumapili hiyo alisimama kanisani, akaomba maombi ya akina mama ya Alhamisi yafanyike kwake. Zamu yake haikuwa imefika. Walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona, na masufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, na viazi vikuu vya moto. Askari alitakiwa kuandika jina la kila anayeingia. Jirani yetu wa ng'ambo ya mto, aliyewaongoza, alimwambia, "Andika polepole, mwanangu. Hatuna haraka." Malori yalipiga honi nyuma yao hadi alasiri. Alhamisi iliyofuata walirudi, na iliyofuata tena, msimu mzima wa mvua, wakiwa na matope hadi magotini.

Mwishowe kampuni ilihamisha seng'enge ikapita nyuma ya choo chetu, ikaendelea kuchimba upande wa pili. Tulipata nyumba, shamba na njia ya mtoni. Watu walisema tumeshinda. Nyanya alitazama kilima kilichokatwa, akaingia jikoni.

Leo upande ule ni shimo lenye maji ya kijani. Nyanya hayupo, na wengi wa akina mama wale hawapo. Lakini linalonisumbua zaidi ni Alhamisi moja, muda mfupi baada ya waya kuondoka. Tulipika, tukatandika mikeka uani, tukangoja. Njia ilikuwa wazi, na hakuna aliyekuja. Kila mtu alikuwa amerudia shamba lake. Nyanya alipakua sahani mbili, akanisogezea yangu.

"Kula," akasema, "kabla hakijapoa."