Muguu Uliokatazwa Kuuma

Lopitali ya masoda wa jeshi kule Goma ilijengwa kwa mawe meusi ya volkano, na wagonjwa wake walilala kwa amri. Msifikiri ninatania. Asubuhi munganga Mubeleji alipoingia, sijen wa zamu alipiga kelele, "Gardavu!", na kila mugonjwa akanyoosha mikono ubavuni juu ya blanketi, visigino pamoja, macho kwenye dari. Mwenye kisigino kimoja alinyoosha hicho hicho. Aliyekohoa alinyimwa tumbako.

Sisi wake wa masoda tulingoja nje, chini ya madirisha, sufuria kwenye mapaja. Lopitali ilitoa dawa. Chakula kilikuwa kazi yetu mabibi. Soda asiye na bibi alikula mabaki ya wenzake, nao walimlazimisha aimbe kwanza. Madirisha hayakuwa na vioo, wavu tu wa kuzuia mbu, kwa hiyo yaliyosemwa ndani tuliyasikia yote.

Bwana yangu aliingia mule na tundu la risasi chini ya goti. Vita haikuwepo miaka ile, kabla ya Uhuru. Mwenzake alikuwa anasafisha bunduki kambini Rumangabo, risasi ikatoka. Wakamleta Goma juu ya gunia za viazi. Muguu ukavimba, halafu ukaanza kunuka. Mimi harufu ile niliijua. Kwetu Rutshuru ng'ombe akioza kwato hunuka vile vile, na watu huanza kunoa kisu.

Yeye hakuogopa kufa. Aliogopa reforme. Soda aliyepewa reforme alivuliwa nguo za jeshi, akatolewa kambini pamoja na bibi na watoto, na nyumba yake ikapewa mwingine kabla jiko halijapoa. Watoto tulikuwa nao, shamba hatukuwa nalo. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kutoka mule na miguu yake yote miwili, arudi kazini.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha kaporali muzee aliyepigana vita ya Abisinia. Risasi ya kule ilikuwa bado imo kwenye nyonga yake, na kila majira ya mvua ilimrudisha lopitali. Chumba kizima kilimtii kuliko sijen.

"We mutoto wa wachunga ng'ombe," akamwambia bwana yangu, "unalialia kama mama anayezaa. Munganga akikusikia, basi, njo reforme yako."

"Iko inauma, Kaporali."

"Nani amekuuliza? Kule Abisinia lopitali yetu ilikuwa turubai na matope. Munganga alipita akiminya vidonda. Mwenye kusema 'yoo!' aliwekwa upande wa kurudishwa nyumbani. Mwenye kunyamaza alirudishiwa bunduki. Mimi nilinyamaza. Angalia, mpaka leo niko soda."

"Soda wa kitanda!" mmoja akapiga kelele toka pembeni, na wote wakacheka.

"Cheka tu," kaporali akajibu. "Wewe ulilia kwa sababu ya jino."

Toka siku hiyo wakaanza kumfundisha. Kila aliyepita kwenda chooni alimfinya ule muguu mubovu, na aliyemtoa sauti alichukua tumbako yake. Sisi nje tulisikia vicheko, tukadhani wanacheza karata. Mwanzo walimmaliza tumbako. Baadaye hakuna aliyepata kitu. Nilipoingia na chakula nikaona midomo yake ina vidonda, ameiuma mwenyewe.

"Sasa hata wakikanyaga," akaniambia, "sisemi kitu." Alijisifu kama kijana aliyeua nyoka.

Basi ikaja asubuhi ya munganga na sindano. Nilikuwa chini ya dirisha na sufuria ya maharagi. Nilisikia gardavu, nikasikia viatu vikisimama kwenye kitanda chake. Munganga akasema Kifaransa chake, na infirmie, musaidizi wake, mutu mweusi kama sisi lakini mwenye kola, akageuza kwa Kiswahili:

"Munganga anauliza, hapa kwenye unyayo, inauma?"

"Hapana, Dokteri!"

"Hapa kwenye kifundo?"

"Hapana, Dokteri!"

"Juu zaidi?"

"Hapana, Dokteri!"

Sauti yake ilikuwa safi, ya paredi. Sindano ikapanda ikichoma mpaka karibu na goti, naye anajibu vile vile. Jasho lilimtoka, kaporali alinieleza baadaye, lakini kule ndani kila mwenye homa alitoka jasho, nani angeshangaa? Munganga akatoa dawa ya zambarau, akachora mustari kuzunguka paja, juu ya goti, akapita kitanda kingine.

"Umepita!" kaporali akamwambia. "Alama hiyo ni ya wazima."

Wanawake wenzangu wakasikia, wakanipigia vigelegele pale pale juu ya mawe. Mke wa sijen alinipa kuku wake kwa furaha. Nilimchinja, nikampika na mafuta ya mawese, kesho yake nikampeleka nikitembea kwa maringo.

Kitanda kilikuwa kitupu. Kaporali alikuwa amegeukia ukuta.

Nikamkuta infirmie anaosha mikono mlangoni. "Bwana yangu iko wapi?"

"Amelala, mama. Wamemaliza kukata."

"Kukata nini? Yeye alisema haiumi!"

"Njo sababu. Nyama isiyosikia sindano imekufa. Angesema inauma, munganga angengoja, angejaribu dawa. Alitaka kujua tu mahali ambapo uzima unaanza." Akapangusa mikono. "Bwana yako alisema uzima hauko mpaka gotini."

Nikamuuliza muguu uko wapi, maana kwetu kiungo cha mutu hakitupwi. Kinazikwa nyumbani kwa baba yake.

"Ulitaka kuupika na hiyo kuku?" akajibu. Akaonyesha kwa kidevu shimo nyuma ya nyumba ya kufulia, lenye moshi.

Sikulia. Niliingia, nikakaa na sufuria yangu mpaka bwana yangu akaamka. Kuku aliliwa na kaporali. Alimla mzima, hata mifupa aliitafuna, hakuniangalia.

Reforme ilikuja kabla kidonda hakijafunga. Magazinie, mwenye kutunza vitu vya jeshi, akadai turudishe vitambaa viwili vya kufungia miundi. Kimoja, kilichofungia kidonda, kilikwisha kuungua na muguu. Alimwita bwana yangu mwizi mbele ya watu, halafu akatufungulia geti.

Tulipata kipande cha kulima upande wa Kanyaruchinya, mawe matupu. Mimi nililima, yeye alikaa kwenye jiwe akifukuza ndege. Siku moja, jua liko katikati, akaanza kugumia, akishika hewa pale muguu ungekuwa.

"Inauma," akasema.

"Nini?"

"Muguu. Vidole. Vinaungua."

Nikaweka jembe chini. "Leo njo unasema? Ungemwambia munganga."

Akanirushia fimbo yake ya kutembelea. Ilinikosa, ikaenda kulala katikati ya maharagi. Niliimaliza mistari yangu yote kwanza, yeye akingoja kwenye jiwe, ndipo nikamrudishia fimbo.