Waziri wa Utalii wa Bowie

Watanzania wa Bowie, mji ulio jirani na Washington, na vitongoji vyake walimwita Elieth Waziri wa Utalii, na cheo hicho alikitolea jasho. Mgeni yeyote aliyeshuka uwanja wa ndege wa Dulles kutoka nyumbani, awe padri, awe shangazi wa mtu, awe kijana wa ubalozi asiyejua bado kuvaa koti, alikabidhiwa kwake. Makumbusho mengi ya Washington hayana kiingilio, miguu ya Elieth haichoki, na mdomo wake ndio usiseme. Alijua mlango usio na foleni, choo kisafi, na ndege ambayo mgeni wa kutoka Muleba angependa kupiga nayo picha. Siku za kazi alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku za mapumziko alihudumia wageni.

Basi dada yake Edna alipokuja, watu walisema huyo atafaidi kuliko wote.

Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Elieth hakwenda kuzika. Makaratasi yake yalikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, na wakili alimwambia wazi kwamba akitoka hatarudi. Mazishi aliyatazama kwenye simu, picha ikikatikakatika, ameketi ukingoni mwa kitanda na sare yake ya kazi. Tangu hapo yeye na Edna walipigiana simu za mvua, watoto na afya. Msiba wenyewe hakuna aliyeugusa.

Kwao, ndugu aliyekosa mazishi akionana na wenzake mara ya kwanza, hakuna neno linalotangulia kilio. Mnashikana, mnalia, ndipo mnaulizana habari za safari. Elieth alilijua hilo fika. Lakini pale uwanja wa ndege, alipomwona dada yake akisukuma toroli, amekonda, amefanana na mama mpaka mwendo, woga ulimshika. Aliogopa kwamba akilia, Edna atamwambia mbele za watu: leo ndiyo unalia? Akajichekesha. Akampa maua, akampiga picha, akamwambia kesho asubuhi wanaanza na makumbusho ya ndege.

Edna aliyapokea maua, akasema haya, twende.

Wakazunguka kweli. Ndege, mifupa ya wanyama wa zamani, vito vya malkia, picha za marais, Elieth mbele akieleza bila kituo. Kila walipoingia, askari wa mlangoni alifungua mkoba wa Edna na kupekua kwa kijiti, na kila mara kilionekana kitambaa cha buluu kilichokunjwa vizuri. Elieth alidhani ni mtandio.

"Mbona hujitandi, dada? Humu kuna baridi."

"Wakati wake bado," Edna alijibu.

Jioni, walipofika nyumbani, Anatoli, mume wa Elieth, alimvuta mkewe jikoni.

"Mmeshakaa mkaongea?"

"Kesho. Kesho nampeleka Georgetown."

Kesho yake walikuwa kwenye jumba dogo la sanaa la chuo kimoja kikongwe cha huko. Elieth alikuwa amesimama mbele ya picha ya bibi wa Kizungu aliyefumbata mikono, akieleza ni nani na aliolewa na nani, alipogeuka na kumwona Edna ameketi kwenye benchi, viatu pembeni, miguu imevimba.

"Inuka dada, chumba kinachofuata ndicho kizuri."

"Kaa, Elieth."

"Tumepaki kwa saa mbili tu, dada, tukichelewa..."

"Tangu nifike unanionyesha wafu wa watu," Edna alisema taratibu. "Wetu utamlilia lini?"

Elieth akafungua mdomo, na maneno ambayo hayajawahi kumwishia yakamwishia. Akaketi sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya dada yake, akalia kwa sauti, kilio cha nyumbani ambacho kuta zile hazijakisikia. "Sikukuzika, mama! Sikukuzika!" Edna naye akaachia chake.

Askari wa chumba alikuja mbio. Alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo. Alipoyasikia maneno yao, akapunguza mwendo.

"Bamama, kuko nini?"

"Ni mama yetu," Edna alisema. "Huyu alikuwa hajamlilia."

"Poleni sana, bamama. Muliye tu." Akarudi mlangoni, akawapa mgongo, na kila mtazamaji aliyekuja akamwomba kwa Kiingereza aanzie chumba cha pili.

Kilio kilipotulia, Edna akafungua mkoba. Kile kitambaa cha buluu kilikuwa khanga, na Elieth aliijua kabla haijakunjuliwa, maana ndiyo mama yao aliyokuwa akivaa kanisani.

"Doti ina vipande viwili," Edna alisema. "Kimoja tulimfunika nacho. Siku ya kuondoa matanga tulikubaliana wote, hiki ni cha Elieth. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba hukuwepo."

Wakatoka nje. Elieth alikuwa ameifunga khanga juu ya suruali yake ya jinzi, wanafunzi wakipishana nao bila kujali. Edna, aliyekuwa amezoea kuelezwa kila kitu, akanyoosha kidole.

"Na lile jengo lenye mnara?"

Elieth alilijua vizuri, mpaka mwaka lilipojengwa.

"Ni chuo tu, dada," alisema, akamshika mkono. "Niambie siku ile ilikuwaje. Anza asubuhi."